Kidonge cha Rangi Mbili na Sukari ya Mama Mkubwa

Nina diploma. Naanza na hilo kwa sababu niliporudi Uvira watu walianza na mengine. Walitazama sanduku langu moja, wakatazama viatu vyangu, kisha wakauliza kwa upole kama huko Malawi nilikuwa nalima. Sikulima. Nilisomea kazi ya maabara mjini Lilongwe, asubuhi nikifua nguo za watu wa Area 47, mtaa wa wenye nacho, mchana nikiingia darasani, na jioni nikirudi kwa miguu kwenye chumba changu Mtandire. Sikushikwa mkono na mjomba wala mchungaji. Karatasi yenyewe sasa iko sebuleni, ndani ya kioo, mbele ya kiti cha mgeni. Kulikuwa na kiti kingine kilichoelekea dirishani. Nilikiondoa.

Lakini ninachotaka kueleza hapa ni habari ya tumbo la mama yangu mkubwa, ambalo nusura nilimalize kwa kulieleza.

Mama mkubwa ndiye aliyenilea. Vita ya kwanza ilipofika Uvira ndiye aliyenivusha ziwa, akiwa amebeba kichwa cha cherehani mgongoni, kimefungwa kwa kitenge kama mtoto mchanga, na mkononi amenishika mimi. Nilikuwa msichana mkubwa, naweza kutembea mwenyewe. Alisema cherehani haiwezi kukimbia na mimi naweza, kwa hiyo wa kushikwa ni mimi. Hivyo ndivyo tulivyoshuka mpaka Malawi, mpaka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, mahali ambapo zamani walifungiwa watu wasiotakiwa na ambapo sasa tulipokelewa sisi.

Kitu cha tatu alichobeba kilikuwa chupa ndogo ya vidonge. Njiani, kando ya ziwa, watu waliharisha na kufa wakiwa wamekaa. Nesi mmoja alimpa vidonge vya rangi mbili, nusu nyekundu, nusu manjano, akameza yeye na akanimezesha mimi, na sisi hatukufa. Tangu siku hiyo mama mkubwa aliamini vitu viwili tu bila kuuliza: Mungu na rangi mbili. Na sokoni Dzaleka rangi mbili zilipatikana kwa urahisi kuliko mahubiri. Zilikuwa kwenye beseni la muuzaji mmoja, pamoja na viberiti na sabuni, kimoja kimoja, bila maswali. Akila maharagwe ya jirani, kidonge. Akitoka kwenye chakula cha msiba, kidonge. Tumbo likinguruma kanisani, anatoka nje taratibu kama anaenda kusalimia mtu, anarudi amemeza.

“Ni ya kulinda tu,” alikuwa akisema.

Mwaka wangu wa mwisho chuoni ulinzi huo ulimgeuka. Alianza kuharisha, na hakuacha. Wiki ya kwanza alisema ni samaki wa kukaushwa. Wiki ya tatu alisema ni hewa. Mimi nilikuwa nikifika Dzaleka mwisho wa wiki, na ugonjwa wake niliupima kwa nguo. Alikuwa na gauni moja la kijani la kanisani, na kila nilipokuja lilikuwa limepunguzwa. Hakutaka watu waone limemlegea, basi kila Jumamosi alikaa mbele ya cherehani yake, akaligeuza nje ndani, akachora mstari kwa chaki na kushona upya, kidole kimoja ndani ya mstari wa zamani. Jumapili gauni lilimkaa sawasawa, na akina mama walimsifu kwamba hazeeki. Mimi niliyemfunga vifungo vya mgongoni nilihesabu mishono: mitatu, minne, mitano. Huko ndani kulikuwa na mama mkubwa mdogo zaidi kila wiki.

Nilijua lazima nifanye kitu, na bahati yake ilikuwa kuwa na mtu mwenye taaluma katika ukoo. Nilimwomba choo chake.

Niseme wazi kwamba masomo yangu hayakupewa heshima pale kambini. Neno lilikuwa limeenea kwamba mtoto wa mshonaji anasomea mavi. Waliponiona nimeshuka kwenye kabaza, juu ya kile kiti cha nyuma cha baiskeli kilichoviringishiwa godoro, vijana wa kinyozi waliniamkia, “Karibu, munganga ya mavi.” Munganga ni daktari kwetu. Niliitikia kwa heshima zote na kuwaambia siku wakiugua nitawatambua kwa sampuli, bila kuhitaji kuona nyuso.

Mama mkubwa alinipa kopo huku ametazama pembeni. Nililifunga kwa plastiki tatu, nikaliweka kwenye mkoba, nikaondoka nalo kwenda Lilongwe. Kwenye kizuizi cha barabarani askari polisi mmoja alitaka kujua kilichofungwa kwa uangalifu namna hiyo. Nikamwambia ni kitu cha maabara. Akasema kila mfanyamagendo ana maabara yake. Nikamwambia basi fungua, bwana. Alifungua plastiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, akanusa, akafunga yote kwa mpangilio uleule na kunirudishia kwa mikono miwili. “Zikomo,” alisema, yaani asante. Tangu hapo sikupekuliwa tena pale.

Kwenye hadubini ya chuo nilitafuta amiba, nikatafuta mayai ya minyoo, nikaweka tone la iodini na kutafuta tena. Sikuona kitu. Nilimwita mwalimu wetu, mzee wa Kimalawi aliyevaa koti jeupe lenye madoa ya rangi zote za dunia, naye akatazama, kisha akauliza mgonjwa anakunywa dawa gani. Nilipomweleza habari ya rangi mbili alikaa chini kwenye stuli.

Alichonieleza mchana ule nilikihifadhi kuliko masomo mengine yote. Alisema tunachokiita uchafu, sehemu kubwa yake ni wakazi: bakteria wanaoishi utumboni kwa mamia ya aina, na wengi wao hawana ubaya. Utumbo umepakwa ute, kama bamia iliyopikwa, na ute huo umejengwa kwa sukari zilizofungamana kama matawi. Baadhi ya wakazi wanaweza kuzikata sukari hizo na kuzila. Wakiletewa chakula cha kutosha kutoka juu, yale makapi ya mboga na maharagwe na nafaka ambayo sisi wenyewe hatuwezi kuyasaga, wanakula hayo na ute unabaki mnene. Kinga ya mwili inakaa nyuma ya ute, inasikia wakazi wako mbali, inatulia. Dawa zinazoua kila kitu zikipita kila siku, wakazi wazuri wanakufa, wabaya wanapata nafasi, ukuta unaharibika na kinga inaamka kupigana hadi nyumbani kwake yenyewe. Aliniambia mgonjwa aache vidonge, anywe maji ya chumvi na sukari asikauke, ale, na akizidi kunyong'onyea apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Maagizo manne. Mtoto wa darasa la pili angeyafikisha. Lakini mimi nilikuwa karibu kupata diploma.

Jumamosi ile nilimkalisha mama mkubwa kwenye kiti, mimi nikasimama. Alikuwepo pia jirani yetu, mke wa mchungaji, aliyekuja kupima blauzi. Nilianza mbali. Nilisema kwamba utumbo umepakwa makamasi, na makamasi hayo yana sukari, sukari nyingi sana, imeshikamana huku na huku, na kwamba shida yote ya mama mkubwa iko kwenye sukari hiyo, kwa sababu inaliwa, na nyuma yake wamesimama askari.

Hapo mama mkubwa aliinua kichwa. “Askari gani?”

“Askari wa mwili, mama. Wako wengi ndani ya tumbo lako.”

“Mi nilikimbia baaskari Uvira,” alisema polepole, “nikavuka maji, nikavuka nchi mbili. Na we unaniambia bako humu?”

Nilimwambia hao ni wazuri. Akanijibu kwamba hata wale wa Uvira walisema hivyo walipofika.

Nilicheka, nikaendelea, nikamaliza na kurudi Lilongwe Jumapili nikiwa nimejaa kuridhika. Sikujua kwamba kati ya yote niliyoyasema kulibaki neno moja tu, na lilikuwa limeshatoka nje ya nyumba kabla ya chai. Mke wa mchungaji aliwaambia akina mama wa maombi kwamba mshonaji amepimwa kwa mashine mjini, na majibu yametoka: ana sukari.

Kwetu mtu akisema fulani ana sukari, hakuna anayeuliza iko wapi. Ni ugonjwa. Na kila mtu anajua mgonjwa wake ale nini kwa sababu kila mtu ana shemeji aliyekuwa nao. Walimjia na orodha. Bugali, ugali wetu, asile. Viazi vitamu asile. Maharagwe yanageuka sukari usiku, asile. Thobwa, ile togwa ya Wamalawi ya mahindi na mtama iliyochachuka kidogo, ambayo mama mkubwa aliipenda kuliko kitu chochote Malawi, asiinuse kabisa. Ale yai, anywe maji ya mwarobaini, na tumbo likisumbua aongeze rangi mbili. Na yale maji ya chumvi na sukari niliyomwachia kwenye chupa, yeye mwenyewe aliyamwaga. Alimwambia jirani kwamba mtoto amesoma sana mpaka amesahau mgonjwa wa sukari hapewi sukari.

Mitihani ilinishika, nikakaa wiki mbili bila kwenda. Niliporudi nilimkuta amelala mchana. Mama mkubwa halali mchana. Midomo ilikuwa imekauka, ngozi ya mkono nilipoifinya ilikaa juu kama kitambaa kilichokunjwa. Gauni la kijani lilikuwa kwenye msumari, nikaligeuza. Mishono saba. Karibu na ule wa saba alikuwa ameshachora chaki ya wa nane, na mstari ulikuwa umepinda.

“Sukari njo inanikausha,” alisema. “Bamama balinieleza.”

Nilikaa kitandani kwake. Nimejisifu katika maisha yangu mara nyingi na sitaacha leo, lakini nasema kama ilivyo: pale kitandani nilijua kwamba ugonjwa aliokuwa nao ungeweza kuponyeka, na ule unaomuua nilimletea mimi, kwa mdomo, nikiwa nimesimama.

Nilimtajia hospitali, akasema mtu wa sukari akipelekwa huko harudi, basi nikachanganya maji upya, lita moja, chumvi na sukari. Alikataa. Nikamwapia kwamba hana sukari. Akauliza kwa nini basi nilisema anayo. Nikaanza kueleza, nikasikia ulimi wangu unarudi kwenye makamasi, nikanyamaza. Nilitazama nje ya mlango nitafute neno jingine, nikaona ua wetu.

Yaani nikaona haupo. Ua wa nyumba yetu ulikuwa wa mabua ya mahindi na nyasi, mama mkubwa aliusuka mwenyewe tulipofika. Mwezi ule mgao wa chakula ulichelewa na kuni hazikupatikana, na majirani walianza kuchomoa mabua ya nyua, kwanza ya kwao, halafu ya wenzao, wakapikia. Ua ulipokwisha, mbuzi waliingia. Watu wakalalamika juu ya wizi, walinzi wa kambi wakaletwa kuzunguka na virungu na filimbi, na kwa kuwa hapakuwa na ua walipita katikati ya nyumba za watu, wakakanyaga mchicha, wakaangusha nguo zilizoanikwa, wakampiga rungu mtu aliyekuwa anaingia kwake mwenyewe.

“Mama,” nikasema, “tumbo lako ni uwanja wetu huu.”

Akafumbua jicho moja.

Nikamwambia: wakazi wako wanakaa nje ya ua na hawana ubaya, wakipata mgao wao wanakula na kuimba kwaya. Mgao wao ni bugali, maharagwe, majani ya maboga. Wewe umewanyima mgao wiki mbili. Sasa wanapikia ua. Ua ukiisha, walinzi wanaingia, nao hawana macho, wanapiga hata mwenye nyumba. Kuharisha kwako ndiyo hizo filimbi.

Alitazama mahali ulipokuwa ua.

“Kwa hiyo benye balichoma ua yangu, njo hao bakteria?”

“Ndiyo hao.”

“Bote?”

“Wote, mama.”

“Hata bibi ya pasta?”

Mke wa mchungaji ndiye aliyebeba mabua mengi kuliko mtu yeyote, na alibeba mchana, akisalimia. Nilisema hata yeye, tena yeye ni wa mbele. Mama mkubwa akaanza kucheka, bila sauti kwa kuwa hakuwa na nguvu ya sauti, kitanda kikatikisika, na alipomaliza kucheka alinyoosha mkono, akachukua kikombe cha maji ya chumvi na sukari na kukinywa chote.

“Na kidonge?” aliuliza.

“Kidonge ni mtu anayekuja na moto kumaliza kijiji kizima. Hachagui nani alichoma ua na nani hakuchoma.”

Hakucheka tena. “Kama kule kwetu,” alisema.

“Kama kule.”

Alikubali maji. Alikubali chakula. Nilidhani nimeshinda mpaka nilipoinua mkono kuchukua chupa ya vidonge, akaiweka chini ya mto. Nilimsihi. Nilimtajia mwalimu wangu, koti lake, miaka yake ya kazi. Alisikiliza yote, kisha akasema kwamba mwalimu wangu hakuwepo kando ya ziwa. Wale waliokataa vidonge alijua walipozikwa, na wengine hawakuzikwa. “Hiki njo kilitufikisha,” alisema. “Mi nitakula majani yako yote. Lakini hiki sikiachi.”

Nawauliza wasomaji, na hasa wale wenye diploma kama mimi: mngefanya nini? Mwalimu hakutufundisha.

Jumapili iliyofuata alikuwa amepata nguvu ya kwenda ibadani, ameshikiliwa mikono miwili. Mimi nilisema kichwa kinaniuma. Walipokwisha kuanza kuimba nilifunga mlango, nikamwaga chupa ya rangi mbili juu ya kitambaa cha cherehani, nikafungua vidonge kimoja kimoja kwa kucha, nikamwaga poda kwenye karatasi. Halafu nikachukua unga wa soya na mahindi wa mgao, ule wa uji wa watoto, nikaujaza kwa ncha ya mkasi, nikafunga, nikafuta. Vyote. Mikono yangu ilikuwa mikono ya maabara, na kazi ilitoka safi sana. Nilipomaliza nilikuwa na chupa ya dawa ya kinga isiyoua hata chawa.

Bado muuzaji wa sokoni. Kwake nilitumia silaha iliyokuwa tayari mikononi. Nilimwuliza kwa huruma kama amesikia kwamba mshonaji ana sukari. Amesikia. Nikamwuliza kama anajua mtu wa sukari akimeza rangi mbili anaweza kuanguka palepale, na watu wanaanza kuulizana ni nani aliyemuuzia. Hajasikia. Kuanzia siku hiyo, mama mkubwa alipokuja kwenye beseni, rangi mbili zilikuwa zimeisha, zinatarajiwa, gari limeharibika njiani. Uongo wa kambi nzima kuhusu sukari ulimlaza mama mkubwa, basi nilionelea nao ufanye kazi kidogo upande wetu.

Zikaja wiki za bugali, maharagwe, majani ya maboga yenye karanga, na bamia ambazo Wamalawi huzipika mpaka zivutike kama uzi. Akina mama wa maombi walipokuja na mwarobaini, yeye mwenyewe aliwaeleza habari ya ua. Aliieleza vizuri kuliko mimi, na alipofika kwenye wachomaji alimtazama mke wa mchungaji kwa upendo mwingi. Juma lililofuata tulikuta mzigo wa mabua mlangoni.

Kitu kimoja nilikigundua wakati huo, na maana yake niliipata miaka mingi baadaye, kwenye kitabu, nikiwa nimesharudi. Hata alipokuwa amelala midomo imekauka, mtu akiingia mlangoni mama mkubwa alikuwa akininong'oneza nimpe mgeni kitu. Uji, karanga, hata kipande cha muwa. Nilimkasirikia. Kumbe utumbo nao ndivyo ulivyo. Mtu akiugua na kushindwa kula, utumbo huweka sukari yake wenyewe juu ya ukuta, kutoka kwenye akiba ya nyumba, ili wakazi wazuri wasife njaa na wasihame. Nilipoisoma nilikaa na kitabu mapajani. Chakula kimekatika, nyumba inawaka, na mwenye nyumba anahangaikia wageni wamekula nini.

Alipona polepole. Choo kilifunga kwanza, aibu ikafuata, na siku moja nilimkuta anagombana na mteja juu ya urefu wa sketi, nikajua tumeshinda. Mimi sikumwambia mtu siri ya unga. Niliitunza kama fedha. Nilipanga kumwambia siku moja tu, siku ya diploma, ajue kwamba aliyemtibu ni nani.

Siku ilifika. Alikuja Lilongwe na barua yake ya ruhusa ya kutoka kambini, akapitia mtaa wa Biwi kwa wenzake washonaji kuniletea kitambaa cha bluu, akanishonea gauni kwa mkono chumbani kwangu Mtandire, ananizunguka na pini mdomoni. Amevaa lile la kijani. Nilisubiri atoe pini.

“Mama,” nikasema, “vile vidonge ulivyomeza mwezi mzima, havikuwa vidonge.”

“Vilikuwa soya,” alisema. “Geuka.”

Niligeuka kwa sababu alinishika kiuno akanigeuza.

“Na haukutia hata chumvi,” aliongeza.

Nilimwuliza alijua lini. Alisema siku ileile aliyotoka ibadani. Alifungua chupa, akaona kidonge cha kwanza kimekaa vibaya kwenye maungio, kinatoa unga. “Mi nashona tangu mama yako yuko mtoto,” alisema. “Unafikiri sijui kitu chenye kimefumuliwa na kushonwa tena?” Alikitoboa kwa sindano, akaonja. Halafu, kwa kuwa ilikuwa habari nzuri kupita kiasi, aliwaeleza akina mama wa maombi. Nao wakawaeleza waume zao. Muuzaji wa beseni alijua. Vijana wa kinyozi walijua, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba kwa muda walikuwa wameacha kuniita munganga ya mavi, wakaniita munganga ya unga, na mimi nilidhani wanasifia weupe wa koti langu la maabara.

“Kama ulijua, mbona ulimeza?”

Alikata uzi kwa meno. “Mi nilitaka kuacha. Nilikusikia siku ile ya ua. Lakini asubuhi mkono unaenda wenyewe kwa chupa. Mkono ulitoka kwa vita, haujui kama tulifika.” Akanyoosha mshono wa bega langu kwa kidole gumba. “We uliupa kitu ya kushika. Na nilisema, kama huyu mtoto amekosea, nitakufa na unga. Unga haimbebeshi mtu zambi.”

Aliniamuru nisimame sawa, kwa kuwa diploma inataka mgongo. Kisha akanigeuzia mgongo wake yeye, nimfunge vifungo.

Gauni la kijani lilikuwa limemjaa. Niliingiza mkono ndani kutafuta ile mishono saba, nikakuta matundu madogo tu ya sindano, mistari saba, na kitambaa chote kipo. Hakuwa amekata hata kipande. Kila Jumamosi alipokuwa ananywea, alikuwa akikunja kilichozidi na kukishonea ndani, upana wa kidole, juu ya upana wa kidole, na kukiacha pale kisubiri.

Nilimfunga vifungo. Tukaenda kuchukua karatasi yangu.